Koleo la Tatu

Juzi nilipita kwenye karakana moja ya kuchomelea mageti hapa Tangini, Kibaha, nikajibanza chini ya bati lao kungoja mvua ipungue. Fundi alikuwa amepasha nondo kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu. Akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, na mvuke wake ukanijia puani. Harufu ya chuma cha moto kikiingia majini siifananishi na nyingine yoyote. Ina uchungu kidogo, kama umeramba sarafu. Nikafumba macho. Nikiwa hivyo nikamsikia fundi anapiga kelele, "Nipe koleo!" na kijana wake akatoka mbio, akarudi na koleo la kuchotea mchanga. Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikacheka nao, halafu nikajikuta nafuta machozi kwa ncha ya kanga, na wale vijana wakaanza kuniomba radhi wakidhani wamemuudhi bibi wa watu.

Hawakuniudhi hata kidogo. Ni kosa tu nililolijua tangu mdogo.

Kiswahili nakipenda, lakini kina ubahili wake. Nguo tunafua, na chuma tunafua. Nilipokuwa mtoto nikiambiwa baba yuko bandani anafua, nilikuwa nangoja nione chuma kimeanikwa kambani. Koleo nalo ni hivyo hivyo. Lile la kuchotea mchanga ni koleo, na lile la mhunzi, lenye mikono miwili mirefu na mdomo wa kubania chuma cha moto, nalo ni koleo. Mtu mzima anaelewa kutokana na mahali aliposimama. Mtoto hukosea. Na mtu mzima mwenye lake moyoni huchagua lile analolitaka.

Baba yangu alikuwa mhunzi katika kijiji kimoja cha vilima vya Kisarawe. Tulikuwa tumehamia pale miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari miwili kandokando ya barabara, mikorosho yetu tumeiacha kule bondeni. Baba alijenga banda lake upya mwisho wa mstari wetu, mbali kidogo na makuti ya watu. Akaliweka fuawe, lile pande la chuma la kugongea, juu ya kisiki cha mnazi, akatundika nyundo na koleo, akafunga mvukuto wa ngozi ya mbuzi wa kupulizia moto. Jembe la dukani miaka hiyo tulikuwa tunalisikia tu kwamba liko njiani. Watu walimletea baba majembe yaliyolika yakabaki kijiko, naye akawafulia mengine kutokana na springi za malori yaliyokufa. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kusalimiwa, na mimi mtoto wake nikawa natembea shingo juu.

Bandani alifanya kazi na Shomari, mtoto wa dada yake. Alikuwa kijana aliyeanza kuota ndevu, ameletwa na shangazi yangu kutoka kwao ng'ambo ya bonde, ajifunze kazi kwa mjomba wake. Mimi nilimwita kaka. Watoto hatukuruhusiwa kusogea kwa sababu ya cheche, basi nilikuwa nachungulia kutoka nyuma ya mpapai, na nilichokiona kilinisumbua sana. Hawakusemezana. Baba, ambaye nyumbani alikuwa mtu wa maneno mengi na utani mwingi, akiingia bandani hafungui mdomo. Anamkunjia Shomari ngumi, anampungia mkono, na Shomari anahangaika huku na huku amekunja uso. Nilijua moja kwa moja kwamba wamenuniana.

Nikamuuliza mama, "Kaka Shomari amemkosea nini baba?"

Mama akacheka. "Hajamkosea kitu. Kazi ile haina maneno, mwanangu."

Sikuridhika. Nikaendelea kumwonea Shomari huruma, na siku nyingine nilimfichia kipande cha muhogo wa kuchoma ili ajue kwamba si sote tuliomkasirikia. Alikila bila kuuliza.

Baba akaugua kifua. Alikwenda zahanati, akarudi na vidonge, akapata nafuu, akaugua tena. Mwisho akawa halali kitandani bali kwenye mkeka chini, akisema kuna ubaridi mzuri. Siku ya mwisho, na hakuna aliyejua ni ya mwisho, mama alikwenda kisimani adhuhuri, mimi nikaachwa nimpepee. Jina langu, Tatu, ni jina la mama yake, kwa hiyo aliniita "mama" siku zote. Siku ile alifumbua macho akasema polepole, lakini wazi, "Koleo la Tatu."

Nikaitika, "Abee, baba."

Akainua mkono. Akafunga vidole, akafungua, akafunga, akafungua. Nikajua anataka kula. Nikafurahi mno kwa sababu mama alikuwa akilia kwamba hali kitu, nikakimbia jikoni, nikamletea uji kwenye bakuli mpaka nikaumwaga nusu yake njiani. Hakuunywa. Alinitazama, nikaona kama anacheka, kisha akafumba macho. Mama alipoingia na ndoo kichwani niliona uso wake unabadilika kabla hajaitua, na mimi bado nimeshika bakuli.

Nililia kama watoto wanavyolia, nikapumzika, nikalia tena. Kila mwanamke aliyenipakata alinisikia nikisema, "Baba amesema koleo la Tatu." Maneno yakatembea msiba mzima. Wanawake hatuendi makaburini, basi nilikaa uani mpaka wanaume waliporudi, na aliyetangulia alikuwa amelibeba begani koleo letu la mchanga, limejaa udongo mwekundu. Akaliosha, akaliegemeza ukutani karibu na mlango. Pale ndipo nilipoelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, baba aliniachia nini. Aliniachia lile lililomfunika.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa napita mlangoni kwa kuruka, nimelipa mgongo. Nilijiambia kwamba kwa kuwa sasa ni langu, kila atakayekufa pale kijijini watakuja kwangu, na ni mimi nitakayewatolea. Jirani yetu alipokuja kuliazima akandike ukuta wake, nilimuuliza, "Nani amekufa?" Alistuka, akaondoka bila kulichukua, na nadhani alikwenda kusimulia huko kwamba yatima yule ana mambo.

Mama alikuwa ndani, amekaa eda. Nje ndiko yalikokuwa yanapangwa mambo yetu, na mpangaji alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake baba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa desturi, na desturi ya ukoo wetu ilikuwa kwamba vyombo vya kazi vya mwanamume humwendea mpwa wake, mtoto wa dada. Kwa hiyo nyundo, fuawe, mvukuto na koleo la moto vyote ni vya Shomari. Tena wahunzi wa ukoo wetu wana sharti lao, kwamba vyombo vya moto havilali vijiji viwili. Kilipo kimoja ndipo vilipo vyote, na ndipo moto unapowashwa. Shangazi alikwisha kusema Shomari arudi kwao. Basi vyombo vingevuka bonde pamoja naye, banda lingebomolewa, na mama, mjane asiye na mtoto wa kiume, eda ikiisha angefuatwa na kaka zake arudi kwao Dutumi. Nyumba angeingia mtu mwingine wa ukoo.

Dutumi nilikuwa naipenda. Nilikuwa nikipelekwa kwa bibi wakati wa mavuno ya mpunga, nikarudi nimenenepa. Lakini kwenda kutembea si kwenda kuishi, na mama hakutaka. Nilimsikia akimwambia rafiki yake aliyekuja kumsuka, "Watoto wangu nimewazika hapa. Mume wangu amelala hapa. Dutumi nikafanye nini, nikawe mzigo wa wake za kaka zangu?" Alisema bila kulia, na ndiyo maana iliniuma. Nyumba ile ilikuwa ya udongo na makuti, jiko lake linavuja, lakini ndiyo niliyokuwa nayo, na mama ndani yake.

Kilichokuwa kimesimama njiani ni yale maneno ya baba. Ikiwa alisema koleo la moto ni la Tatu, basi chombo kimoja kimebaki hapa, vingine havina pa kwenda, na mama wa mwenye chombo ana sababu ya kubaki. Ikiwa alisema la mchanga, hakuna la kujadili. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nitaitwa kuulizwa.

Asubuhi ya arobaini mama aliniita ndani, akanipaka mafuta, akanifunga kanga shingoni. "Watakuuliza baba alisema nini. Sema ulichosikia. Usiongeze, usipunguze."

"Na wakiniuliza lipi?"

Akanishika mashavu. Najua alitamani kuniambia neno, maana midomo yake ilicheza. "Sema ulichosikia," akarudia.

Baada ya hitima, wanaume walibaki kwenye majamvi. Mama alikuwa nyuma ya pazia la mlango, naona ncha za vidole vyake vya miguu. Alikuwapo Baba Mkubwa, mwalimu wa madrasa aliyesoma dua, na Shomari, amekaa pembeni ameinamia mikono yake.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa," akasema Baba Mkubwa. "Wazee wenzangu, marehemu alisema koleo. Nyumba hii ina makoleo mawili. Mtoto wa kike na koleo la moto, wapi na wapi? Amemwachia la mchanga, limsaidie mama yake shambani. Au pengine alikuwa anahesabu tu. La kwanza, la pili, la tatu. Mgonjwa yule."

Wengine wakaguna kicheko. Mwalimu hakucheka. Akanigeukia, "Tatu, wewe mwenyewe umeelewa baba yako amekuachia lipi?"

Nikanyoosha kidole kwenye koleo la mchanga, pale ukutani. Baba Mkubwa akafungua mikono yake, kama kusema mmeona wenyewe. Nyuma ya pazia vile vidole vya miguu vikajikunja. Na mimi ndipo kilio changu cha siku zote hizo kikanitoka.

"Lakini mimi silitaki! Lichukueni nyie. Ndilo lililomfunika baba."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu akanisogeza kwake, akaniacha nilie mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Hebu nieleze siku yenyewe. Polepole."

Nikaeleza. Mama alikwenda kisimani. Nilikuwa nampepea. Akasema koleo la Tatu. "Halafu akafanya hivi," nikasema, nikainua mkono nikafunga vidole, nikafungua, nikafunga, nikafungua. "Nikamletea uji. Hakuunywa."

Wazee walinitazama kwa huruma, basi. Hawakuona kitu zaidi ya mtoto na uji wake. Baba Mkubwa alikwisha kuvuta pumzi ya kufunga kikao. Ndipo Shomari akainua uso.

"Mjomba, naomba kusema."

"Sema."

"Hilo ni koleo la moto." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nyundo ikigonga husikii mtu, kwa hiyo marehemu mjomba alikuwa ananiomba vyombo kwa mkono. Ngumi ni nyundo. Kupunga ni mvukuto. Na hivi," akafunga vidole, akafungua, "ni koleo. Hajawahi kuniomba kwa namna nyingine."

Kumbe hawakuwa wamenuniana.

Baba Mkubwa alimkazia macho. "Shomari, unajua unachokisema? Hivyo vyote ni haki yako. Mama yako anakungoja."

"Najua, mjomba."

"Vyombo havilali vijiji viwili."

"Basi havitalala. Nitafanyia kazi hapahapa."

Baba Mkubwa akakuna kidevu chake muda mrefu. Kisha akaomba kahawa. Nyuma ya pazia mama alikuwa amekaa chini kabisa, na niliporudi kwake alinikumbatia kwa nguvu mpaka kanga ya shingoni ikanikaba.

Wajomba zangu walikuja kutoka Dutumi eda ilipoisha. Wakala, wakalala, wakaongea na dada yao, wakarudi peke yao.

Koleo la moto likahamia kwetu, likakaa mlangoni, na koleo la mchanga mama akalipeleka nyuma ya nyumba nisilione. Kila asubuhi Shomari alikuja. "Hodi." "Karibu." Anamwamkia mama, "Shikamoo, mkaza mjomba," maana hivyo ndivyo anavyoitwa mke wa mjomba, kisha ananigeukia mimi kwa adabu yote kama mwenye mali. "Tatu, naomba koleo." Mimi nalibeba kwa mikono miwili, zito, baridi ya usiku bado imelikaa, nampa. Jioni analirudisha, lina joto. Cheo kile kilinipanda kichwani. Siku nikiamka na kisirani nilimwambia, "Ngoja kwanza, napiga mswaki," naye alingoja, amekaa kizingitini, anaongea na mama kuhusu mvua.

Na kwa kuwa amekwishafika, huwa anaona mambo. Makuti ya jiko yametoboka, kesho atapanda ayazibe. Jembe la mama limekatika, atalichukua. Sukari imefika kwenye duka la kijiji, na kilo yetu atatupangia yeye foleni. Alikuja na kuni, na muhogo, na mara moja na jogoo aliyetutesa mno kwa ukali wake. Shangazi alinuna, kisha akazoea. Shomari alipooa, alijenga upande wa pili kabisa wa kijiji, na bado asubuhi ilikuwa hodi.

Nilipomaliza darasa la saba nilipata nafasi ya kuendelea na shule huku Kibaha. Ilikuwa furaha na ilikuwa huzuni, maana mama angebaki peke yake. Siku ile kabla ya safari nikafikiri, huyu kaka yangu sasa ni mtu wa watoto, kila siku anakatiza kijiji kizima kwenda na kurudi kwa ajili ya chombo changu. Nikaona niwe mtu mzima. Alasiri ile, alipokuwa amekwisha kulirudisha mapema, nikalichukua nikampelekea bandani. Nilitaka kumwambia lilale huko, nimempa.

Sikuwahi kuingia bandani tangu baba afe. Moto ulikuwa umewaka. Nikashangaa, kwa sababu koleo nilikuwa nalo mimi mkononi, na Shomari alikuwa ameshika chuma chekundu juu ya fuawe. Alikishika kwa koleo jingine. Alipogeuka na kuniona, akaganda. Nyuma yake ukutani yalikuwa yametundikwa mengine, marefu na mafupi, lenye mdomo wa kupinda, lenye mdomo bapa. Mikono ya makoleo hayo yote ilikuwa inang'aa kwa kushikwa.

"Haya ya nani?"

"Yangu."

"Umeyafua lini?"

Akakirudisha chuma motoni, akafuta jasho. "Siku nyingi. Lile dogo nililifua mjomba akiwa hai. Mwanafunzi wa uhunzi hujifulia koleo kwanza, Tatu, ndipo afundishwe kitu kingine."

"Sasa la kwetu unalichukuliaga nini kila siku?"

Alivuta mvukuto, ukapuliza, moto ukapanda. Nilidhani hatajibu, kwamba ni yaleyale ya kazi isiyo na maneno. Halafu akasema, bila kunitazama, "Ningekuja kwenu kila asubuhi nikasema nimefuata nini?"

Nilisimama pale na mzigo wangu mikononi. Yeye akaendelea na chuma chake.

Nikarudi nalo nyumbani. Mama alikuwa anapepeta mchele uani. Aliniona nimelibeba, akaniona uso, akaendelea kupepeta. Nikaliegemeza mlangoni.

Asubuhi yake, mimi nikiwa nafunga kamba sanduku langu, ikaja hodi. Mama akaacha moto, akainuka mwenyewe, akampa.